Mkono Uliowaka

Harvey Pollack alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Machi 2, 1962, mjini Hershey, Pennsylvania, Wilt Chamberlain alipofunga pointi 100 katika mchezo mmoja wa NBA, ni Pollack aliyechukua kipande cha karatasi, akaandika "100" na kumkabidhi mchezaji akishike mbele ya mpiga picha. Mchezo haukurushwa kwenye televisheni, kwa hiyo wengi wanaoujua wanaujua kwa ile karatasi. Miaka ishirini baadaye Pollack alikuwa mtakwimu wa Philadelphia 76ers, na klabu hiyo ilikuwa na desturi ambayo wenzake kwenye ligi hawakuwa nayo: mitupo ya kila mchezaji iliwekwa kwenye kumbukumbu kwa mfuatano wake, wa kwanza, wa pili, wa tatu, uliopata na uliokosa.

Timu nyingine zilijumlisha tu. Mchezaji katupa mara 17, kapata 9, basi. Ukiitazama hesabu hiyo huwezi kujua kama alipata tisa za mwanzo kisha akachoka, au alikosa nane halafu akawaka. Anayepanga mishahara hahitaji kujua hilo. Lakini lipo swali moja ambalo bila mfuatano halina hata pa kuanzia, na ndilo lililowashughulisha maprofesa, makocha na wanafunzi wa vyuo vikuu kwa zaidi ya miaka thelathini.

Shabiki yeyote wa mpira wa kikapu amekwishalijibu. Mchezaji akipata mara tatu mfululizo, jukwaa zima linapiga kelele moja: "Mpeni huyo huyo!" Mkono umewaka, na mkono uliowaka hulishwa mpira hadi upoe. Mwaka 1985 wanasaikolojia watatu, Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell pamoja na Robert Vallone na Amos Tversky wa Stanford, waliamua kuipima imani hiyo. Walianza na mashabiki 100 wa vyuo hivyo viwili. Kati yao 91 walisema mchezaji aliyetoka kupata mitupo miwili au mitatu ana nafasi nzuri zaidi ya kupata unaofuata kuliko akiwa ametoka kukosa. Wakaulizwa wakadirie: mchezaji ambaye kwa kawaida hupata nusu ya mitupo yake, akitoka kupata atapata kwa asilimia ngapi? Wastani wa majibu ulikuwa 61. Na akitoka kukosa? 42. Izingatie tofauti hiyo ya pointi 19, maana tutaihitaji mbele.

Kisha wakaichukua mifuatano ya michezo 48 ya nyumbani ya 76ers katika msimu wa 1980–81. Kwa wastani wachezaji wale walipata asilimia 52 ya mitupo yao. Wakiwa wametoka kupata mmoja, walipata 51. Wametoka kupata miwili, 50. Mitatu mfululizo, 46. Upande wa pili nao ulikuwa kinyume cha matarajio: wakiwa wametoka kukosa mitatu mfululizo, walipata 56. Kama kulikuwa na moto, basi ulikuwa unawaka kwa wale waliokosa.

Watafiti hawa walijua pingamizi la kwanza litakuwa lipi. Mchezaji akipata mara tatu, mlinzi humsogelea, pengine humjia wawili. Naye kwa kujiamini huanza kutupa kutoka mbali. Kwa hiyo wakatafuta mahali ambapo mlinzi hayupo. Walichukua mitupo huru ya Boston Celtics, ile ya mbili mbili baada ya faulo. Larry Bird, akipata wa kwanza, alipata wa pili kwa asilimia 88. Akikosa wa kwanza, 91. Hakuna kitu. Mwisho wakawaita wanafunzi 26 wa timu za Cornell, wanaume 14 na wanawake 12, kila mmoja akatupa takriban mara 100 kutoka umbali ambao kwa kawaida hupata kama nusu. Hapo tena tofauti ilikuwa ya pointi chache tu, na watafiti wakaona haina uzito. Hitimisho: mkono wa moto ni macho ya watu yanayoona mpangilio mahali palipo na bahati nasibu.

Red Auerbach, mzee wa Celtics aliyekwishatwaa ubingwa mara tisa akiwa kocha, aliupuuza utafiti huo kwa maneno makavu. Vyuoni hali ilikuwa nyingine. Matokeo yale yaliingia kwenye vitabu vya saikolojia na uchumi, na hata Daniel Kahneman, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2002, aliyataja katika kitabu chake cha 2011 kama mfano wa jinsi akili inavyojidanganya. Ikafika mahali ambapo kuamini mkono wa moto ilikuwa dalili kwamba hujasoma. Profesa angeanza muhula kwa kuwauliza wanafunzi wangapi wanaamini, mikono ingeinuka, naye angetabasamu.

Nimekitaja kisa hiki kwa urefu kwa sababu namna kilivyogeuka inasema mengi kuhusu uchanganuzi wa michezo kuliko orodha yoyote ya fomula. Tena kinasema mengi kuhusu wanafunzi. Mwaka 1985 wao ndio waliokuwa wakitupa mipira na kuhesabiwa. Waliporudi baadaye walikuja na daftari la kuhesabia.

Lile pingamizi la mlinzi halikufa. Lilikosa tu wa kulisemea kwa namba. Mfuatano wa mitupo, ambao zamani ulikuwa upekee wa Philadelphia, ulikuja kuwa jambo la kawaida NBA ilipoanza kuhifadhi matukio ya mchezo kwenye kompyuta. Lakini kumbukumbu hizo zilisema nani katupa, lini, na kama kapata. Hazikusema mlinzi alikuwa hatua ngapi kutoka kwake. Kila aliyewahi kucheza hata kwenye uwanja wa shule wenye ringi iliyopinda anajua kwamba mtupo ukiwa peke yako na mtupo ukiwa na mkono wa mtu usoni ni vitu viwili, ila kwenye karatasi vyote viliandikwa kwa alama moja.

Kamera ndizo zilizobadilisha hilo. Mfumo ulioitwa SportVU, uliotokea Israel na kununuliwa na kampuni ya takwimu ya STATS, ulifunga kamera sita juu, chini ya paa la uwanja, na kuandika mahali alipo kila mchezaji, na mahali ulipo mpira, mara 25 kwa sekunde. Mwanzoni ulikuwa katika viwanja vya timu chache zilizokubali kulipia. Hasheem Thabeet wetu, aliyechaguliwa wa pili katika drafti ya 2009, aliingia kwenye ligi ambayo ilikuwa bado ikihesabu kwa macho ya watu. Alipocheza msimu wake wa mwisho, 2013–14, kila uwanja wa NBA ulikuwa na kamera hizo. (Waliochaguliwa nyuma yake mwaka ule ni pamoja na James Harden na Stephen Curry, jambo ambalo Wamarekani hawachoki kutukumbusha.)

Data ya aina hiyo ilikuwa mali ya ligi na kampuni, si kitu cha kuokota. Hata hivyo baadhi yake ilifika mikononi mwa vijana watatu wa Harvard: Andrew Bocskocsky, John Ezekowitz na Carolyn Stein. Mwanzoni mwa 2014 waliwasilisha kazi yao mjini Boston, kwenye mkutano wa uchanganuzi wa michezo wa MIT Sloan, ule ulioanzishwa mwaka 2006 na Daryl Morey na Jessica Gelman na ambao siku hizi huwakutanisha mameneja wa klabu na watoto wa chuo wanaotafuta kazi kwao. Harvard yenyewe ilikuwa na chama cha wanafunzi cha uchanganuzi wa michezo tangu 2006, ambamo Ezekowitz alikuwa mmoja wa viongozi.

Walikuwa na mitupo zaidi ya 83,000 ya msimu wa 2012–13. Hawakukimbilia kuuliza kama mkono wa moto upo. Kwanza walijenga kipimo cha ugumu wa mtupo. Kila mtupo ulipewa makadirio: kwa umbali huu, aina hii ya mtupo, mlinzi akiwa karibu hivi na urefu wake huu ukilinganishwa na wa mtupaji, robo hii ya mchezo, matokeo yakiwa hivi, na mtupaji akiwa fulani, ungetarajiwa kuingia kwa asilimia ngapi? Baada ya hapo moto wa mchezaji haukupimwa tena kwa alichopata tu, ulipimwa kwa alichopata juu ya kilichotarajiwa katika mitupo yake minne iliyopita. Anayepata minne ya chini ya ringi hajawaka. Amefanya kazi yake. Anayepata mitatu kati ya minne kutoka mbali, akiwa amebanwa, huyo ndiye wa kuangaliwa.

Walichokuta kina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza: mchezaji aliyefanya vizuri kuliko matarajio hivi karibuni hutupa mtupo unaofuata kutoka mbali zaidi, akiwa amebanwa zaidi na mlinzi, na ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kupewa mtupo unaofuata wa timu. Yaani wachezaji na walinzi wote wanaamini mkono wa moto na wanaufuata kwa vitendo. Sehemu ya pili: ukishauondoa ugumu huo ulioongezeka, mchezaji aliyewaka ana nafasi kubwa zaidi ya kupata, kwa kiasi cha kati ya pointi 1.2 na 2.4 za asilimia.

Magazeti yaliishika sehemu ya pili, kwamba mkono wa moto upo kumbe! Kwangu ile ya kwanza ndiyo nzito. Inaeleza kwa nini kumbukumbu za Philadelphia zilionekana bapa kwa miaka yote ile. Palikuwa na nguvu mbili zinazovutana: mchezaji anakuwa bora kidogo, na mtupo wake unakuwa mgumu kidogo. Ukihesabu kilichoingia peke yake, nguvu hizo zinafutana, nawe unaondoka ukisema hakuna kilichotokea. Gilovich na wenzake hawakukosea kuhesabu mitupo ile ya 76ers. Walihesabu sawasawa kitu ambacho hakikuwa na uwezo wa kuwajibu.

Watatu hawa hawakuwa na hesabu za ajabu. Njia waliyotumia hufundishwa kwa wanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu wa takwimu. Kilichowasaidia ni data mpya, na pia kitu ambacho hakitajwi sana: hawakuwa na cha kupoteza. Mhadhiri kijana anayesubiri kuthibitishwa kazini hafungui swali ambalo Tversky amelifunga. Mwanafunzi anaweza, kwa sababu hata akishindwa anabaki na alama za kozi na hadithi ya kusimulia. Stein leo ni mchumi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na miongoni mwa mambo anayoyatafiti ni jinsi mbio za kuwahi kuchapisha zinavyoathiri ubora wa sayansi.

Kama kisa kingeishia hapo, funzo lingekuwa kwamba tununue kamera. Lakini mwaka uliofuata, 2015, wanauchumi wawili waliokuwa wakifanya kazi Ulaya, Joshua Miller na Adam Sanjurjo, walitoa andiko lililowashtua watu kuliko kamera zote za SportVU, na kulifuata hakuhitaji zaidi ya kalamu. Lilichapishwa rasmi mwaka 2018 katika jarida la Econometrica. Hili si la kupita juu juu, kwa hiyo chukua karatasi.

Rusha sarafu mara tatu. Upande mmoja uite P, yaani kupata. Wa pili uite K, kukosa. Mifuatano inayowezekana ni minane, yote yenye nafasi sawa: PPP, PPK, PKP, PKK, KPP, KPK, KKP, KKK. Sarafu haina kumbukumbu, haina mkono wa moto. Sasa fanya walichofanya watafiti wa 1985: katika kila mfuatano, angalia mirusho inayofuata mara baada ya P, uulize ni asilimia ngapi ilikuwa P.

PPP ina mirusho miwili inayofuata P, na yote ni P: asilimia 100. PPK inayo miwili, mmoja P na mmoja K: 50. PKP ina mmoja, nao ni K: sifuri, maana P ya mwisho haifuatwi na kitu. PKK: sifuri. KPP: 100. KPK: sifuri. KKP na KKK hazina mrusho wowote unaofuata P, kwa hiyo zinawekwa kando. Imebaki mifuatano sita. Jumlisha: 100, 50, 0, 0, 100, 0. Jumla 250. Gawa kwa sita, unapata karibu 42.

Arobaini na mbili, si hamsini! Sarafu safi kabisa, ikipimwa kwa njia hii, inaonekana kama inaogopa kurudia P. Ukirudi kuhesabu kwa kuchanganya mirusho yote pamoja bila kujali imetoka mfuatano gani, utakuta mirusho minane inayofuata P, minne kati yake ni P, na hamsini yako imerudi. Tatizo liko kwenye wastani wa mifuatano. PPP ina ushahidi wa mirusho miwili, KPK ina mmoja, lakini kwenye wastani kila mfuatano umepewa kura moja. P zinaporundikana pamoja, zinarundikana ndani ya mifuatano michache, na kura zao zinapungua.

Mfuatano ukiwa mrefu upotofu huu hupungua, lakini hauishi haraka. Kwa mchezaji anayepata nusu ya mitupo yake, akitupa mara 100, nasi tukiangalia kinachofuata baada ya kupata mara tatu mfululizo, bahati nasibu peke yake haitoi 50. Inatoa karibu 46. Na upande wa waliotoka kukosa mara tatu, upotofu unakwenda juu kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo mtu asiye na moto wowote anapaswa kuonekana kama yuko chini pointi nane hivi. Wale wanafunzi 26 wa Cornell, walioonekana kuwa na tofauti ndogo ya pointi chache, kwa kweli walikuwa juu ya mstari wa bahati. Miller na Sanjurjo waliporekebisha hesabu, tofauti yao ilipanda kupita pointi 10 za asilimia. Data ile ile iliyotumika kuuzika mkono wa moto ndiyo iliyoufufua.

Miaka thelathini. Makala ile ya 1985 ilisomwa na wataalamu wa hesabu, ikafundishwa madarasani katika nchi nyingi, ikarudiwa na wengine kwa data nyingine. Na mwanya wake ulikuwa wa ukubwa ambao mtoto wa kidato cha nne mwenye sarafu na subira angeweza kuuona, kama angekuwapo wa kumwambia autafute. Miller na Sanjurjo hawakuwa wanafunzi, lakini walifanya jambo ambalo mwanafunzi ana haki ya kulifanya kuliko mtu yeyote: waliuliza namba hii ingekuwa ngapi kama hakuna kinachotokea. Wengine wote walidhani wanajua jibu ni hamsini.

Mashabiki nao wasishangilie mapema. Walikadiria tofauti ya pointi 19 kati ya aliyetoka kupata na aliyetoka kukosa. Vijana wa Harvard waliona athari isiyozidi 2.4 katika michezo halisi. Vipimo hivyo havilingani moja kwa moja, lakini mwenye macho anaona umbali. Moto upo, ila ni mdogo kuliko kelele za jukwaa.

Na udogo wake una gharama. Tuseme mchezaji hupata 48 kati ya 100 siku za kawaida, na 50 akiwa amewaka. Ukitaka kuiona tofauti ya pointi mbili kwa uhakika unaoridhisha, unahitaji mitupo karibu 10,000 ya kila upande. Julius Erving, nyota wa 76ers, alikuwa na mitupo 884 katika zile kumbukumbu za 1980–81. Mtafiti anayetafuta pointi mbili ndani ya mitupo 884 anatafuta kitu kidogo kuliko makosa ya kipimo chake. Asipokiona, hajathibitisha kwamba hakipo.

Mtu atauliza vipi kuhusu Klay Thompson. Januari 23, 2015, akiichezea Golden State Warriors dhidi ya Sacramento Kings, alifunga pointi 37 katika robo moja: alitupa mara 13 na kupata zote 13, tisa kati yake za pointi tatu. Ukiitazama video unaona kama mchezaji mwingine kabisa ameingia ndani ya jezi yake. Lakini kama ushahidi robo ile haifai, kwa sababu tumeichagua kwa kuwa imewaka. Maelfu ya robo nyingine, za wachezaji waliopata miwili wakapoa, hazina video inayosambazwa. Mwanafunzi anayeanza utafiti wake na tukio lililomvutia ni lazima aliache mlangoni.

Nije sasa kwa msomaji aliye Dar es Salaam, Mombasa, Kigali au Lubumbashi, ambaye yumo chuoni, anapenda michezo ya aina hii na hana kamera sita chini ya paa. Kwenye soka hali yake ni nzuri kuliko anavyodhani. StatsBomb, kampuni iliyoanzia Uingereza, tangu 2018 imeweka wazi data ya matukio ya mashindano kadhaa. Luca Pappalardo na wenzake walichapisha mwaka 2019 matukio ya msimu mzima wa 2017–18 wa ligi tano kubwa za Ulaya. Pale Leuven, Ubelgiji, Tom Decroos akiwa mwanafunzi wa uzamivu aliunda na wenzake kipimo cha thamani ya kila tendo la mchezaji uwanjani, pasi na chenga zikiwemo, na programu yao iko wazi kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti.

Tatizo ni kwamba data hizo zote ni za wengine. Kuhusu ligi anayoikalia jukwaani kila wikiendi, mara nyingi atakuta karatasi. Ligi za mpira wa kikapu zinazofuata sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, hujaza fomu rasmi ambayo ndani yake kuna safu ya namba kuanzia 1 hadi 160. Kila kikapu kinapoingia, ofisa wa meza huweka alama kwenye pointi iliyofikiwa na kuandika pembeni namba ya jezi; mtupo huru una nukta, kikapu cha kawaida kina mkwaju, na cha pointi tatu namba ya mfungaji huzungushiwa duara. Ni fomu nzuri, na mfuatano umo ndani yake. Kilichokosekana ni mitupo iliyokosa! Fomu hiyo haina pa kuiandika. Mashindano makubwa hutumia programu inayorekodi hadi mipira iliyodakwa, lakini mechi ya kawaida ya ligi ya mkoa ikimalizika, nusu ya historia yake imepotea kabla taa hazijazimwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtafiti wa hapa ni kuandika walichokosa. Kazi ya pili ni kuchagua swali ambalo daftari lake litaweza kulibeba. Mitupo 20,000 hatapata. Asijaribu kuthibitisha mkono wa moto. Lakini lipo swali la jirani ambalo halihitaji kamera. Mwaka 2011 Tal Neiman na Yonatan Loewenstein wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem waliangalia tabia ya wachezaji wa NBA na wa WNBA, ligi ya wanawake, badala ya ufundi wao: mchezaji akipata mtupo wa pointi tatu, je, mtupo wake unaofuata nao utakuwa wa pointi tatu? Walikuta kwamba aliyetoka kupata hurudia kutupa wa pointi tatu kwa wingi kuliko aliyetoka kukosa, na kwamba mtupo huo wa pili, kwa wastani, hauingii vizuri zaidi kwa kuwa wa kwanza uliingia. Mchezaji anajifunza haraka kupita kiasi kutokana na tukio moja.

Mstari wa pointi tatu umechorwa sakafuni. Anayekaa benchi anauona, anayekaa jukwaani anauona. Daftari linahitaji safu nne tu: namba ya jezi, robo, mtupo wa ndani au wa nje ya mstari, P au K. Waketi wawili, mmoja akitazama na kutamka, mwingine akiandika, maana anayeandika mwenyewe huinamisha kichwa wakati mpira unarudi upande wa pili. Ya tano, kama kuna jicho la tatu: mlinzi alikuwa ndani ya urefu wa mkono au la. Mitupo huru iwekwe mbali, ukurasa wake. Na kanuni za nini kitahesabiwa ziandikwe kabla ya mechi ya kwanza, si baada ya kuona matokeo.

Baada ya msimu mwanafunzi huyu atakuwa na mifuatano mifupi mifupi, mitupo saba ya huyu, kumi na mbili ya yule, na atashawishika kutoa asilimia ya kila mchezaji kisha wastani wa wote. Huo ndio mtego wa 42 na 50, na mifuatano ikiwa mifupi ndivyo unavyouma zaidi. Dawa yake haihitaji kompyuta. Mitupo ya mchezaji mmoja katika mechi moja iandikwe kwenye vipande vya karatasi, vikorogwe ndani ya kofia, vitolewe kimoja kimoja kwa mpangilio mpya, na hesabu ifanywe upya kana kwamba mechi ilikwenda hivyo. Irudiwe mara mia kwa kila mchezaji. Na mwenye programu ya kompyuta airudie mara elfu kumi. Namba itakayotoka kwenye mpangilio wa kweli ilinganishwe na hizo za kofia, si na hamsini. Ikidondoka katikati yao, ripoti iseme kwamba msimu huu hakikuonekana kitu, na itaje ni mitupo mingapi iliyohesabiwa ili atakayefuata ajue aongeze mingapi.